Simu ya Jumatatu kwenda Mbeya

Kabla hajaniambia chochote, Tumpe aliniuliza kama nimekaa. Nikamjibu nimekaa, ingawa nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo, kishikwambi mkononi, vijana wakishusha lori la sabuni. Ndipo akasema baba yake, Mzee Gwakisa, amefariki alfajiri nyumbani kwao Bujonde, na kwamba mimi ni mtu wa kwanza nje ya nyumba kupewa habari, hata wajomba bado. "Baba aliagiza hivyo, dada. Alisema Atupele apigiwe siku hiyohiyo, aambiwe kwa sauti, asitumiwe meseji." Nilimpa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikakata simu, kisha nikaendelea kuhesabu katoni mpaka lori likaisha. Nilitazamia kulia na sikulia. Nilikuwa na ganzi ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, unajua ni wako lakini hauna habari na wewe. Hata sasa ninapoandika, ganzi hiyo haijaniachia vizuri.

Mzee Gwakisa ndiye aliyenifundisha kazi. Nina miaka arobaini na moja, na ninasimamia stoo ileile ya jumla, hapa Kyela mjini, ambako niliingia ukarani nikiwa na miaka ishirini na sita, yeye akiwa mtunza stoo. Mambo ya kwetu na nilikosoma nayaacha, hayana uzito hapa. Ninachotaka kukieleza ni mwaka mmoja tu, ule mwaka ambao oda zetu ziliacha kupita mdomoni mwa mtu zikaanza kwenda zenyewe kwenye kompyuta. Watu wakiniuliza mfumo ule ulibadilisha nini katika biashara ya jumla, huwa nawajibu vizuri sana, maana nimejibu mara nyingi kwenye semina. Kuna jibu jingine ambalo sijawahi kulitoa.

Ofisi yetu ilikuwa pembe ya stoo iliyozibwa kwa mbao mpaka kiunoni, juu yake wavu wa kuku. Ukiwa mezani ulimwona kila aliyepita kati ya magunia ya sukari na rundo la sabuni za mche, na joto la bati lilishuka kichwani kuanzia saa nne. Meza ilitandikwa kitambaa cha nailoni chenye maua, kimetobolewa na pasi. Juu yake palikuwa na simu, kitabu cha oda chenye nakala tatu na karatasi za kaboni, na sahani ya bati iliyofunikwa, kwa sababu Mzee Gwakisa hakuamini chakula cha hotelini. Mkewe, Mama Tumpe, alimfungia mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, au wali na usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na siku zote aliweka cha watu wawili. Nilikula chakula cha mama yule mwaka mzima kabla sijaonana naye.

Jumatatu ilikuwa siku ya oda. Mzee Gwakisa aliizunguka stoo tangu saa moja, haandiki, anaangalia tu na kugusa rundo kwa kiganja. Saa mbili anakaa, anafuta mkono wa simu kwa leso, anapiga ghala kuu Mbeya. Aliyepokea, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa Bi Zuhura, mtu wa Tanga aliyeletwa nyanda za juu na kazi ya mumewe, mume akafariki, yeye akabaki na watoto na kazi yake ya ghalani. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili bila kutega sikio, ingawa mara nyingine nilitega.

"Ugonile, Bi Zuhura," alimwamkia Kinyakyusa.

"Ndaga, kaka Gwakisa. Nipe."

"Chumvi, katoni arobaini."

"Chumvi arobaini. Mvua je?"

"Imekuja na fujo. Mto Songwe umeshapanda. Ongeza chumvi kumi, watu wa Katumba Songwe wakifungiwa na maji wasikose."

"Hamsini basi. Na yule jirani yako wa mguu?"

"Anatembea sasa. Kiberiti, ishirini."

"Kiberiti ishirini. Mwambie asijitie ujana."

Hivyo hivyo, bidhaa thelathini na kitu, saa nzima. Bi Zuhura aliirudia kila bidhaa akiiandika kwake, na katikati ya bidhaa na bidhaa maisha ya watu wawili yakapita. Nilijua kwamba binti yake anaugua pumu wakati wa baridi, na kwamba paa lake la jikoni linavuja upande wa karo. Hawakuwahi kuonana. Mbeya si mbali, ukipanda gari la alfajiri unakula chakula cha mchana huko, na nilipomuuliza kwa nini hajawahi kwenda kumsalimia, alinitazama kama nimeuliza kwa nini hajawahi kwenda Ulaya. "Kufanya nini? Tunaongea kila Jumatatu." Walitumiana vitu kwa dereva wa lori la ghala: mzee alimpelekea mchele na mbasa, samaki wa kukausha kutoka ziwani, Bi Zuhura akarudisha viazi vya Uyole na njegere. Mama Tumpe alimwita "mke mwenzangu wa Mbeya". "Mwambie mke mwenzangu viazi vyake havina maji," alituma, na Mzee Gwakisa aliufikisha ujumbe huo kati ya mafuta ya kupikia na dawa ya meno, bila kutabasamu.

Nisiwapambe. Makosa yalikuwapo mengi. Tuliletewa siagi iliyokaribia kuharibika, tukaletewa dawa ya meno mara mbili na sukari hatukuletewa kabisa, na mwenye duka aliyetoka Makwale kwa baiskeli alirudi mikono mitupu kwa sababu kitabu kilisema kitu kipo na stoo ikasema hakipo. Kwa hiyo mtaalamu alipokuja kutoka Dar es Salaam na kompyuta mbili na mashine ya kusoma mistari ya katoni, mimi nilifurahi kuliko watu wote. Alitueleza jambo ambalo kwangu lilikuwa tamu kama hadithi: kila katoni itakayotoka itasomwa na mashine, kompyuta itapunguza yenyewe, na bidhaa ikifika kiwango cha chini oda itajitunga na kwenda Mbeya, kompyuta ya huko iipokee, ipange lori na kurudisha jibu. Hakuna kuandika mara mbili. Hakuna kusikia vibaya. Mzee Gwakisa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Na maji yakifunga barabara, itajuaje?" Mtaalamu akasema itajifunza kutokana na mauzo ya mwaka uliopita. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaenda kugusa marundo yake.

Miezi michache tulikwenda na vyote viwili, simu na kompyuta. Kisha tajiri, mwenye stoo, akasema simu ya saa nzima ni kupoteza asubuhi, ikakatazwa. Ghala likaacha malori yake pamoja na yule dereva tuliyemzoea, yakaja magari ya kukodi, kila wiki sura mpya. Nilidhani mzee atanuna. Badala yake alikuja kukaa ubavuni mwangu na kuniomba nimwonyeshe kila kitu kilichopo kwenye kioo, na chini kabisa ya oda akakuta kisanduku kilichoandikwa Maelezo, ambacho mtaalamu alituambia tusikijaze isipokuwa pana tatizo. "Hiki anakisoma nani?" Nikamwambia, anayepokea Mbeya. Jumatatu iliyofuata aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta herufi kama mtu anayechambua mchele: *Ugonile. Mvua imeisha. Mpunga umechanua.* Tulikaa tukingoja. Jibu la mfumo likaja, Imepokelewa, na jina, Zuhura, na chini yake: *Ndaga kaka. Huku baridi, nimevaa sweta mbili.* Alicheka mpaka akavua miwani. Wakaendelea hivyo, mstari mmoja kwa mstari mmoja, na mimi nilijiona mtu mwema kwa kuwaonyesha njia.

Mwezi wa sita, mpunga ukivunwa, ikapangwa hesabu kuu. Stoo nzima ihesabiwe kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi, kila katoni iingizwe, na Jumatatu mfumo uwashwe kamili. Mtaalamu alirudi kwa siku hizo tu. Tajiri alishanitamkia kwamba hesabu ikikubali bila dosari mimi nitakuwa msimamizi wa mfumo, na ikikataa Mbeya wataleta mtu wao. Wala sikuwa na wasiwasi na namba. Aliyejua nyuma ya kila rundo kuna nini alikuwa Mzee Gwakisa peke yake. Bila yeye hesabu isingekwenda hata nusu siku.

Alhamisi hiyo, saa nne kasoro, simu ya ofisini iliita. Kijana mmoja wa kiume akaomba kuongea na kaka Gwakisa wa Kyela. Nikasema yuko kazini, nipe ujumbe. Akasema yeye ni mtoto wa Bi Zuhura, mama amefariki usiku, kifua, na atazikwa kesho baada ya sala ya Ijumaa. Jina la Gwakisa liko kwenye daftari la mama la watu wa kujulishwa. Nikasema pole sana. Nikasema nitamwambia. Niliandika kwenye kipande cha katoni, *Zuhura, kesho, baada ya Ijumaa*, na nilipoinua macho nilimwona mzee kupitia ule wavu, yuko juu ya ngazi, anamtajia mtaalamu namba kwa sauti, shati limelowa mgongoni.

Kwetu, habari ya kifo haicheleweshwi. Humwambii mtu akiwa amesimama. Unamkalisha kwanza, unamweleza, kisha unampa maji. Na msiba hautumiwi salamu, unaendewa, hata kama ni kwa miguu, kwa sababu kesho na wewe una wako na watu wanakumbuka nani alikuja. Haya nilifundishwa kabla ya kujua kusoma. Mzee angeshuka kwenye ngazi ile na kwenda, na gari la mchana lingemfikisha, na kesho yake angesimama pamoja na watu wa Bi Zuhura. Hesabu ingevunjika. Nilikunja kile kipande cha katoni nikakiweka chini ya chaja ya mashine, nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni alikuwa amechoka, na bado kulikuwa na safu mbili. Ijumaa mchana tulikula wali kwa usipa, wote wawili, sahani moja, na niliangalia saa ilipofika saa saba na nusu. Samaki walikuwa na chumvi nyingi. Nakumbuka hilo kuliko ninavyokumbuka kama niliona aibu.

Hesabu ilikubali. Jumatatu mfumo uliwashwa, oda ikajitunga na kuondoka, mtaalamu akanipa mkono. Mzee Gwakisa akavuta kiti, akaandika: *Hesabu imekwisha salama. Tumechoka. Wewe je?* Jibu likaja, Imepokelewa, Zuhura. Chini yake patupu. Aliyekaa kwenye kiti cha Bi Zuhura alikuwa anatumia jina lake, maana hakuna aliyejishughulisha kulibadilisha, na huyo hakusoma Maelezo. Mzee alingoja. "Labda ana kazi nyingi leo," akasema, nami nikasema labda.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema wiki iliyofuata, arobaini ilikuwa bado, angekwenda kwenye arobaini na watu wangemwelewa. Lakini kila siku iliyopita iliongeza swali la pili juu ya habari yenyewe, kwa nini hukusema jana, na swali hilo ndilo nililoliogopa. Nikapewa cheo. Nikapewa kiti chenye magurudumu. Jumatatu zikaja, na kila Jumatatu mzee akaandika mstari wake, na jina likarudi likiwa na Imepokelewa. "Anapokea ila hasemi," aliniambia siku moja, kwa sauti ya mtu anayetafuta kosa lake. Alilitafuta mpaka akalipata. Kabla ya hesabu alimpa dereva mgeni mfuko wa mbasa ampelekee Bi Zuhura, na dereva hakuwafunga vizuri. Wameoza, aliamua. Amefungua mfuko mbele ya wenzake, wakamcheka. Jumatatu iliyofuata nilisoma begani kwake: *Bi Zuhura kama ni wale samaki nisamehe. Sikuwafunga mimi.* Alibonyeza kutuma. Likaja jibu, Imepokelewa. Nilikwenda kusimama nje kwenye turubai ambako jirani alianika kokoa, nikabaki hapo mpaka harufu yake ikanichosha.

Arobaini ikapita. Ningependa kuulaumu mfumo, na nimewasikia watu wakifanya hivyo, wanasema kompyuta zimeua mazungumzo. Kwa haki, mfumo ulifanya kazi yake. Mwaka ule siagi haikuharibika. Wenye maduka wa Ipinda na Makwale waliacha kurudi mikono mitupu, na mvua za kwanza zilipokuja kompyuta kweli iliongeza chumvi, si hamsini, lakini iliongeza. Kimya kile kilikuwa changu. Mfumo ulinipa tu mahali pa kukificha, kwa kuwa zamani, Jumatatu moja tu bila sauti ya Bi Zuhura ingemtosha Mzee Gwakisa kujua yote.

Mwezi wa kumi na moja watunza stoo wakaitwa Mbeya kwa mafunzo ya siku moja. Alikuja ofisini siku moja kabla akiwa amenyoa, na mfuko wa kilo kumi wa mchele wa Bujonde aliouchambua Mama Tumpe punje kwa punje. "Nitampelekea mwenyewe. Mtu akiniona usoni hataendelea kununa." Akakaza fundo la mfuko. "Unadhani ni mnene? Sauti yake ni ya mtu mnene." Nilimwambia sijui. Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikamshikia mfuko wakati anapanda, nikampa kupitia dirishani. Gari lilichelewa kuondoka kwa dakika kumi, na dakika hizo zote nilisimama chini ya dirisha lake tukiongea habari za mafunzo.

Alirudi baada ya siku mbili, bila mfuko. Aliingia, akafunga mlango wa mbao, akavuta kiti changu chenye magurudumu akaniambia, "Keti kwanza, Atupele." Nikaketi. Akasema, "Bi Zuhura amefariki. Ni tangu mwezi wa sita, Alhamisi ile ya hesabu. Nimeona nikwambie kwa sababu na wewe ulikuwa unamsikia." Niliweka mikono kichwani. Nilisema, "Jamani, Bi Zuhura, alikuwa anaumwa nini?" Nilisikia sauti yangu ikiuliza, na ilikuwa sauti nzuri, yenye mshangao wa kutosha. Akanijibu, kifua. Akanitazama muda mrefu, akangoja, nami nikatazama maua ya kitambaa cha meza. Kisha akamimina maji kwenye kikombe chake, akanipa, akaniambia ninywe. Hakuandika tena kwenye Maelezo. Miaka miwili baadaye alistaafu na kurudi Bujonde kwenye mpunga na kokoa zake, na kila sikukuu nilipokwenda kumsalimia alinipokea vizuri, akaniuliza mfumo unaendeleaje.

Siku hizi hata kuhesabu kumekuwa kwepesi. Mwenye duka wa Katumba Songwe anaagiza kwa simu yake akiwa amekaa dukani, mimi naona, Mbeya wanaona, lori linajua pa kupita. Inapita wiki nzima sijasikia sauti ya mtu wa ghalani, na sijui jina la anayepokea. Siku ya mazishi sukari, majani ya chai na maji vilifika Bujonde kwa wakati, idadi kamili, niliviagiza mwenyewe kwa kugusa kioo mara mbili. Nilikaa na wanawake ndani, kwenye mkeka, jirani na Mama Tumpe, ambaye amezeeka na kupungua lakini mikono yake ni ileile ya kufungia sahani. Sikupanga kusema. Pengine ni kwa sababu Tumpe aliniuliza kama nimekaa. Nilimwinamia sikioni, nikamwambia, "Mama, Bi Zuhura alipofariki, mimi ndiye niliyepokea simu. Nilijua siku ileile."

Hakugeuka. "Najua, mwanangu," akasema. "Mtoto wa Bi Zuhura alimwambia baba yenu hukohuko Mbeya. Alisema, tulipiga Kyela, akapokea binti, akasema atamwambia."

Nikauliza kama alijua, basi, siku ile alipokuja kunikalisha ofisini.

"Alijua. Alitoka nyumbani asubuhi akasema, namkalisha nimweleze, naye aseme mwenyewe. Jioni nikamuuliza, amesema? Akanijibu, hapana, alishtuka sana." Alivuta kanga yake vizuri begani. "Hakulitaja tena mpaka juzi alipokuwa anatuagiza mambo. Akasema, Atupele msimcheleweshe, muulizeni kwanza kama amekaa."

Wanawake waliendelea kuimba taratibu. Bado machozi hayakuja, hata pale, hata kwa hilo. Mama Tumpe alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile, kisha akamwita mwanawe aliyekuwa mlangoni.

"Tumpe, mletee dada yako maji."

Yakaletwa kwenye kikombe cha bati. Niliyanywa yote.